Robo Saa, Oldham

Nabonyeza muundi kwa kidole gumba,
nahesabu hadi tano, naachia.
Shimo linabaki,
kama kwenye donge la maandazi lililoumuka.
Maji, Bwana Entwistle. Mguu umejaa maji.
Hasikii. Anatazama midomo yangu.

Kitabu cha mafunzo kilisema: ni moyo.
Moyo ukichoka kusukuma, damu hujikokota,
maji hutafuta pa chini, kama maji yote.
Swali hilo nililijibu vizuri, nikapewa cheti.
Lakini moyo huu unalishwa chumvi,
na chumvi inatoka kwenye supu ya kopo,
makopo kumi na moja juu ya friji, yamejipanga kama askari,
na makopo yanatoka duka la kona
kwa sababu sokoni hafiki tena,
kwa sababu basi la kupanda Hathershaw lilifutwa Machi
kwa tangazo la karatasi lililobandikwa kituoni,
mvua ikalisoma kabla ya watu.

Na basi lilifutwa na mkono ulioinuliwa
katika chumba chenye zulia,
mkono wenye saa, wenye mishipa,
wenye moyo wake huko nyuma, unaosukuma, unaochoka.

Nani basi nimfunge bandeji?

Namvua nguo moja moja: koti, sweta, shati,
fulana iliyotoboka kwapani.
Ukifika kwenye ngozi unadhani umefika.
Chini ya ngozi kuna kiwanda.
Miaka ishirini na sita ya mashine za kufuma
zilizopiga kelele mpaka masikio yakasalimu amri,
naye na wanawake wa zamu yake wakajifunza
kusema kwa midomo bila sauti,
kurushiana umbea juu ya pamba inayokimbia.
Kiwanda kilibomolewa.
Sikio lake bado liko kazini.

Labda uzi wa kanga ya bibi yangu
ulipita kwenye vidole hivi. Sijui.
Sitaki kulipamba jambo.
Bibi aliinunua kwa mkopo, akailipa kwa nazi,
na rangi ilichuja wiki ya pili.

Simu inatetema: dakika sita.
Nami msinione nimesimama hapa mkavu, nina tabaka zangu:
tumbo lenye chai ya alfajiri,
kiuno, kodi ya chumba,
mtoto Pangani anayedai viatu vya shule,
viza yenye tarehe,
msimamizi Joanne, anayenisukuma
kwa kuwa naye kuna anayemsukuma,
na lugha hii ninayowazia
nikiosha kisigino cha mtu asiyewahi kuisikia.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
walisema wahenga.
Wahenga hawakuuinua mguu huu.
Nimeuweka juu ya mto; umeingia pale
na maji, na chumvi, na basi,
na kura zilizopigwa, na zisizopigwa
(yake mwenyewe ilikuwa moja, ameniambia,
aliwapa walewale, kwa mazoea).

Fomu ina mstari mmoja.
Naandika: Mguu umevimba. Ameshauriwa apunguze chumvi.
Natia sahihi. Mstari umekwisha.

Ndipo ananigusa kiwiko,
anachezesha midomo bila sauti, polepole,
kama kwa mgeni wa zamu:
Umekula?

Ningeweza kudanganya; kwa sauti ningedanganya.
Midomo yangu ikasema hapana.

Akaondoka na fimbo yake, mguu mmoja maji mmoja mfupa,
akafungua kopo, akapasha,
akagawa kwa vikombe viwili vyenye mipasuko.
Dakika zile hakuna anayenilipa.
Nikanywa. Ilikuwa chumvi tupu.
Nusu yake imo mwilini mwangu sasa,
inatafuta pa kwenda.

Nje, kituoni, benchi halijaondolewa.
Kuna mwanamke amekaa, na mifuko yake,
anatazama bondeni kunakotoka barabara.
Nilitaka kumwambia.
Nikakaa kwanza.